Mwaka Tuliomfundisha Fundi Hoza Kusoma Mchoro

Restituta alinitambua kwa kidole. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto hakikunjiki tangu patasi iliponipitia nikiwa msichana, na yeye ndiye aliyenifunga kitambaa siku ile. Kwa hiyo aliponiona nimeshika kikombe na kile kidole kimesimama peke yake, aliacha foleni ya chai akaja kusimama mbele yangu. Nikamtazama: mama mnene, miwani, kitenge kizuri. Nilikuwa natafuta salamu ya kumpa mtu nisiyemjua aliposema, "Zaina, we mtoto, umezeeka." Sauti ile ilikuwa haijazeeka. Tulikumbatiana mpaka chai ikamwagika. Tulikuwa katika ukumbi mmoja pale Lushoto mjini, tumeitwa kuupitia upya mtaala wa useremala na viwango vyake, ili kijana akimaliza aweze kuingia kazini moja kwa moja, au kuendelea na chuo cha juu bila kuambiwa aanze upya. Mimi niliitwa kama mwalimu mstaafu wa ufundi. Yeye aliitwa kama mwajiri, maana ana karakana yake Muheza yenye mashine na vijana wa kutosha. Zaidi ya miaka thelathini hatukuwa tumeonana. Tuliulizana habari za watoto, za magoti, za sukari. Kisha akanishika mkono akasema taratibu, "Umesikia lakini kuhusu Fundi Hoza?" Sikuwa nimesikia. "Alizikwa kwao Malindi, hii ya huku milimani, masika haya yaliyopita. Mimi nimeambiwa baada ya arobaini kupita." Niliweka kikombe mezani. Kengele ikalia, tukarudi ndani, na mwenyekiti wa kikao akafungua kipengele kilichofuata, kipengele cha sifa za mwalimu. Akasoma kwa sauti: mwalimu wa somo hili awe na cheti kisichopungua daraja fulani. Yaliyofuata sikuyasikia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule. Kituo cha ufundi kilikuwa juu kidogo ya mji, kwenye mteremko: vyumba viwili vya mawe na paa la bati, kimoja kikubwa cha karakana na kimoja kidogo cha ofisi. Katikati yao hapakuwa na ukuta ila mbao, alizozipanga mwalimu wetu, Fundi Hoza, mwenyewe miaka mingi kabla yetu. Mwezi wa saba ukungu ulikuwa unaingia mlangoni kama mgeni asiyepiga hodi, na asubuhi tulianza kazi kwa kupuliza vidole. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne, wasichana wawili tu, mimi na Restituta. Tulipopiga randa ubao wa mkulo, mti wa misitu ya kwetu, harufu yake kali ilijaa chumba chote, ikaingia kwenye sweta na nywele, na hata Jumapili kanisani, Restituta alikuwa akiniambia, watu waligeuka kumtazama. Mpaka leo nikipita mahali wanapopasua mkulo nasimama. Wanangu wanadhani nimechoka.

Fundi Hoza alikuwa mfupi, wa koti la sufu lililochakaa viwikoni, na katika mwaka mzima sikumwona amekaa wakati wa kazi. Hakufundisha ubaoni. Alipita nyuma yetu akisikiliza. "Simama," alikuwa akisema. "Huo msumeno unalia. Unaulazimisha." Ukilegeza mkono, kweli, sauti ilibadilika. Vipimo vyake vilikuwa kwenye kamba yenye mafundo, na milango aliyoitengeneza kwa kamba ile ilifunga bila kukwaruza popote, masika na kiangazi. Akifurahi alihamia Kishambaa kitupu, na Restituta, aliyezaliwa kwenye kambi za wafanyakazi wa chai kule Kwamkoro na hakujua neno, alibaki ananitazama mimi nimtafsirie. Ikafika mahali fundi akitaka kumsifu alimwambia kwa Kiswahili kilichonyooka, polepole, kama anayesoma barua: "Restituta, kazi yako ni safi." Restituta alitembea na sentensi hiyo wiki nzima.

Tulipanga chumba kimoja kwa Mama Eliza, mjane aliyeuza mboga sokoni. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha lililotazama bonde, na kikapu cha pea, yale matunda ya baridi, ambacho msimu wake ukifika kilituzidi. Tulikula pea asubuhi, mchana tukala pea, mpaka Restituta akasema akiozesha mtoto wake atakataza pea harusini. Jioni Mama Eliza alituita jikoni kwa makande. Alikuwa akiyachemsha tangu adhuhuri, mahindi na maharage yamelainika mpaka yanakaribia kuwa uji, na alitupakulia akiuliza swali lile lile: "Hivi nyie wasichana, mkishajua kutengeneza vitanda, nani atawapa kazi?" Tulikuwa tunacheka. Lakini swali lilikuwa la kweli, na jibu lake tulilipata mwezi wa tano, aliporudi Yusufu.

Yusufu alikuwa amemaliza kituoni mwaka mmoja kabla yetu, mkono mwepesi kuliko wote waliowahi kupita pale, kwa maneno ya fundi mwenyewe. Alishuka Tanga kutafuta kazi na barua ya kituo mfukoni. Akarudi. Alikaa juu ya rundo la mbao karakanani, kofia mkononi, akatusimulia. Kwenye kiwanda cha kwanza waliisoma barua wakamwambia, hii ni barua ya shukrani, si cheti. Chuo cha ufundi kilimwambia hawawezi kumpokea kwa sababu hawajui alichofundishwa kinalingana na nini. Kiwanda cha pili kilimhurumia. Wakampa mchoro wa kabati, wakamwambia tengeneza hili. "Nikaugeuza hivi, nikaugeuza hivi," alisema Yusufu, akigeuza kofia yake. "Msimamizi akauchukua, akaniambia, kijana, umeushika kichwa chini." Wenzetu wengine walicheka. Fundi Hoza hakucheka. Alikuwa ananoa patasi, na nilimwona ameacha kunoa.

Ndiyo maana barua ya wizara ilipofika, hakuna hata mmoja wetu aliyeichukia. Mkuu wa kituo alitusomea tumesimama uwanjani. Kuanzia mwaka ule kungekuwa na viwango vya aina moja nchi nzima, mtihani wa vitendo na mtihani wa karatasi, na cheti ambacho kingepokelewa popote. Mkuu alikuwa amekuja na mwalimu mpya kutoka Tanga, Mwalimu Pascal, kijana mwembamba aliyevaa sweta mbili na bado akakohoa. Alifungua michoro yake juu ya meza, akaibana pembe kwa nyundo zetu, na kwa mara ya kwanza nikaona kabati limechorwa kutoka mbele, kutoka pembeni na kutoka juu. Niliupenda mchoro kama wengine wanavyopenda kuimba. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nachora vizuri kuliko wote, na Mwalimu Pascal akawa ananiachia kalamu zake nzuri. Nasema haya ili nisije nikamfanya mtu mbaya katika habari hii. Hakuwa mtu mbaya. Aliamka kabla yetu, alitufundisha mpaka sauti ikakauka, na bila yeye leo nisingeitwa kwenye kikao chochote.

Siku moja mchana nilibaki karakanani peke yangu namalizia mchoro, na Mkuu na Mwalimu Pascal wakaingia ofisini wasijue nipo. Mbao hazizuii sauti.

"Na huyu mzee sasa," Mkuu akasema, "tutamfanyaje?"

"Waraka unasema kila mwalimu awe na cheti, Mkuu. Wasio nacho wafanye mtihani mwezi wa kumi na moja pamoja na wanafunzi. Akifaulu, anabaki."

"Hoza hajui kusoma, Pascal. Anaandika namba tu."

Mwalimu Pascal akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye niliyejifunza chuo miaka mitatu, na jana nimemwomba yeye aninyooshee randa. Najua. Lakini wakaguzi wakikuta hana cheti, watafunga kituo, na hawa watoto watarudi kama yule Yusufu."

Jioni nilimweleza Restituta. Makande yalipoa mbele yetu. Yeye ndiye aliyesema, "Basi tumfundishe," kama vile ni jambo la kufua nguo. Nilisema haiwezekani, mtu mzima yule, tutamwanzaje? Akasema, "Wewe mwanze kwa Kishambaa. Mimi nitachemsha chai."

Kesho yake, wenzetu walipotawanyika, nilimwendea fundi nikampa shikamoo yangu, nikasimama nimefunga mikono nyuma kama mtu aliyevunja kitu. Nilimwambia nimesikia habari ya mtihani. Nikamwambia, kwa Kishambaa, kwamba mchoro si mgumu, na kama atapenda, tungeweza kuangalia pamoja saa za jioni. "Nani amekutuma?" akauliza. Nikasema hakuna. "Na huyo?" akamwonyesha Restituta aliyekuwa kwenye jiko la mkaa anapepea. "Huyo anachemsha chai," nikasema. Fundi Hoza akavuta kigoda, na siku hiyo ndipo nilipomwona amekaa kwa mara ya kwanza.

Tulianza na michoro. Wiki mbili hatukufika popote. Nilimwonyesha kigoda kimechorwa kutoka mbele, pembeni na juu, naye aliona vigoda vitatu. "Hivi ni vitatu, Zaina. Huyu aliyechora anataka vitatu." Nilieleza mpaka nikaishiwa maneno ya lugha zote mbili. Kisha jioni moja aliinuka, akakichukua kigoda alichokuwa amekikalia, akakipandisha mezani, akaanza kukizunguka. Akasimama mbele yake, akainama, akatazama karatasi. Akaenda pembeni. Mwisho akapanda juu ya benchi, na umri wake wote ule, akakitazama kutoka juu. Akabaki kule juu anacheka. "Kumbe ni mtu mmoja," akasema, "amekizunguka!" Restituta alipiga vigelegele mpaka Mama Eliza, aliyekuwa akipita njiani na kikapu chake, akaingia kuuliza kuna harusi ya nani.

Baada ya hapo michoro ilimjia haraka kuliko ilivyonijia mimi, na aliweza kukuambia kosa la mchoraji kabla hujachukua msumeno. Herufi ndizo zilizomsumbua. Aliziandika kubwa, kwa kalamu ya seremala, juu ya vipande vya mbao, akazipiga randa zikafutika, akaziandika tena. Nilimtengenezea orodha ya majina ya zana na sehemu zake kama yalivyo kitabuni. Yeye alikuwa na majina yake, mengine ya Kishambaa, mengine aliyoyatunga, na kila mara aliuliza kwa nini la kitabu ni bora. "Ndivyo wanavyotaka," nikasema. Alikubali. Miezi minne tulifanya hivyo, watu watatu na birika moja, ukungu mlangoni. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimefundisha mamia, nimelea, nimezika. Ukiniuliza niko tayari kurudia saa zipi za maisha yangu, nitakutajia zile.

Mtihani ulikuja mwezi wa kumi na moja. Siku ya kwanza ilikuwa vitendo, kutengeneza meza ndogo yenye droo kwa kufuata mchoro. Msimamizi kutoka Tanga alikuwa na saa mkononi na karatasi ya alama. Fundi Hoza aliusoma mchoro mara moja, akaulaza kifudifudi, hakuutazama tena. Alipomaliza, sisi tulikuwa bado hatujaunganisha miguu. Msimamizi aliivuta droo, akaisukuma kwa kidole kimoja, ikaingia ikitoa pumzi ya hewa tu. Aliivuta tena. Nadhani aliivuta kwa raha yake.

Siku ya pili ilikuwa karatasi. Tulikaa kwenye mabenchi yetu ya kazi, kila mmoja peke yake, na mimi nilikuwa jirani na fundi, hatua mbili tu. Swali la kwanza lilikuwa picha ya randa na mishale, uandike jina la kila sehemu. Yote tulikuwa tumeyapitia. Nilijua kwamba anayajua. Lakini nilimwona ameshika kalamu hewani na jasho limemtoka, baridi yote ile. Herufi zilikuwa zimemkimbia. Akainama kidogo upande wangu, akaninong'oneza, "Mwanangu, hii ya pili wanaiitaje?"

Msimamizi alikuwa mlangoni, amegeuza uso nje. Lilikuwa neno moja. Kinywa changu kilikuwa na neno lile. Nikafikiria cheti, nikamfikiria Yusufu na kofia yake, nikafikiria kufukuzwa mbele ya watu. Nikainamisha kichwa kwenye karatasi yangu, nikaendelea kuandika.

Hakuuliza tena. Nilisikia kalamu yake ikiwekwa mezani. Muda wote uliobaki alikaa wima, mikono juu ya magoti, anatazama mbele, kama mtu anayengoja zamu yake zahanati. Tulipotoka nje aliniuliza kama karatasi ilikuwa ngumu. Nikasema si sana. "Vizuri," akasema, "vizuri," na akaondoka kwenda kuwahi gari la Malindi.

Yote haya yalinipita pale ukumbini wakati watu wanajadili daraja la cheti. Nilijikuta nimenyoosha mkono. Nilisema kwamba nakubaliana na viwango, na kwamba mimi mwenyewe nimekula matunda yake. Kisha nikasema kuna watu ambao ujuzi wao uko mikononi na kinywani, na mtaala unaomzuia mtu wa namna hiyo asifundishe unamnyima mwanafunzi kitu ambacho hakimo kitabuni. Nikaomba waandike kwamba fundi mzoefu anaweza kupimwa kwa kazi yake na kwa kuulizwa kwa mdomo, kwa lugha anayoijua. Kijana mmoja wa wizarani, mwenye adabu, akasema, "Mama, shikamoo. Hoja yako ni nzuri. Lakini nani atathibitisha? Kila mtu atajiita fundi." Lilikuwa swali la haki, na lilituchukua mpaka saa ya chakula. Restituta alisimama akasema karakanani kwake anawapima watu kila wiki bila kuwapa kalamu, na yuko tayari kuja kuonyesha namna anavyofanya. Mwishoni waliandika sentensi mbili, wakaziwekea alama kwamba zitapelekwa juu kuamuliwa. Sijui kama zitapita.

Wakati wa kutoka nilimsimulia Restituta habari ya lile neno moja. Sikuwahi kumwambia mtu. Alikuwa ameketi mbali siku ile, karibu na dirisha, hakuona kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, tumesimama kwenye ngazi, watu wanatupita.

"Mimi ningemwambia," akasema.

"Najua."

"Na wangenifukuza."

"Najua hilo pia."

Akanishika kile kidole changu kisichokunjika, akakibana. Tulikubaliana kwenda Malindi pamoja Ijumaa, kumwona mjane wake na kusimama kaburini.

Matokeo ya mtihani ule yalikuwa yametoka mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Nilifaulu vizuri kiasi kwamba Mwalimu Pascal aliniomba nibaki niwe msaidizi wake, wakati Restituta akienda chuo cha Tanga na cheti ambacho hakuna aliyekikataa. Fundi Hoza alipata alama za juu kuliko wote katika vitendo. Kwenye karatasi alishindwa, na waraka ulitaka vyote viwili. Mkuu alimwita ofisini, na safari hii nilitoka nje makusudi nisisikie.

Alirudi Jumatatu moja kuchukua sanduku lake la zana. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kusimama mbele ya darasa. Wanafunzi wapya walikuwa kwenye mabenchi, daftari zimefunguliwa, nami nilikuwa nawaeleza namna ya kupima na kuandika vipimo vya fremu ya mlango. Alisimama mlangoni, akavua kofia. Nikataka kumwamkia, lakini alinipungia mkono niendelee. Kisha akaingia, akaketi benchi la nyuma kabisa, kati ya wanafunzi, na akakaa pale kipindi chote. Sijui niliongea nini. Nilipouliza kama kuna mwenye swali, mkono mmoja tu uliinuka.

"Mwalimu," akasema Fundi Hoza, "na mbao ikiwa bado mbichi, vipimo vinabaki hivyo hivyo?"

Darasa liligeuka kumtazama. Hakuwa na dhihaka usoni, hata kidogo. Jambo lile halikuwamo kwenye mtaala, halikuwamo kwenye kitabu cha Mwalimu Pascal, na mlango wowote uliotengenezwa na asiyelijua ungekuja kuacha mianya kiangazi. Nikasema, "Fundi, wewe ndiye unayejua. Tafadhali waeleze." Akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi nimeuliza."

Nikajibu. Nilijibu kwa maneno aliyonipa yeye mwenyewe, mwezi hadi mwezi, akiwa amesimama nyuma yangu: mbao mbichi hunywea upande wa upana, uiache ikauke kivulini, na kama huna muda wa kungoja, uzidishe kipimo na useme ukweli kwa mwenye nyumba. Alisikiliza hadi mwisho. "Asante, mwalimu," akasema. Akainuka, akachukua sanduku lake pembeni ya mlango, akatoka. Nilitaka kumkimbilia, nimwambie lile neno moja, nimwombe radhi, nimpokee sanduku nimbebee mpaka barabarani. Nilifika hadi benchi la pili. Wanafunzi walikuwa wameshika kalamu, wananingoja, na mmoja akaniomba nirudie ili aandike. Nikarudi ubaoni, nikachukua chaki, nikaandika jibu lote la Fundi Hoza, neno kwa neno.